Miti ya Upande Wangu wa Kijito

Meneja mpya wa kituo alikuja nyumbani kwetu akiwa na Biblia kwa mkono mmoja na mche wa mwerezi kwa mkono mwingine, na mimi papo hapo nikaingiwa na wasiwasi kwamba kimoja kati ya hivyo viwili kimeletwa kusaidia kingine.

Kituo chenyewe kiko ng'ambo ya kijito kinachopita chini ya shamba letu, huku juu karibu na Sachangwan ambako baridi ya asubuhi hukufanya uoshe vyombo kwa hasira. Zamani ilikuwa nyumba ya mzungu mwenye shamba. Siku hizi ni mali ya kanisa. Vijana huletwa kwa mabasi kutoka makanisa ya mjini, wanalala kwenye mahema, wanavuka madaraja ya kamba na kuteleza kwa waya kutoka mti mmoja hadi mwingine wakipiga mayowe. Ng'ombe wetu walishazoea. Mimi nilizaliwa Nakuru mjini, binti wa fundi wa reli, nikaolewa huku. Mume wangu ni dereva wa lori na mara nyingi yuko safarini, kwa hiyo shamba lilikuwa mikononi mwangu na mwa mama mkwe wangu.

Meneja alikuwa pasta, mtu mpole wa makamo, na gambuti zake zilikuwa na matope ya kweli. Hilo lilinifurahisha kidogo. Nilimpa chai. Alituambia habari za ile bustani ya kwanza, jinsi mwanadamu alivyowekwa ndani yake aitunze, si aimalize. Alizungumza vizuri. Kisha akafika alikokuwa anaenda: kijito kinakauka kwa sababu ya mikaratusi yetu iliyo kandokando ya maji. Kituo kiko tayari kuikata na kupanda miti ya kienyeji pande zote mbili. Sisi tusijisumbue na chochote.

"Chochote?" niliuliza.

"Chochote, mama. Hii ni huduma yetu kwa uumbaji wa Mungu."

Mama mkwe alikuwa anachambua njegere na hakuinua uso. Pasta alipotoka langoni ndipo akaniuliza, "Chai amemaliza?"

"Amemaliza."

"Basi atarudi."

Nilijua anachofikiria. Jirani yetu wa juu, miaka mingi kabla sijaolewa, aliomba kupanda mstari wa misaipresi ndani kidogo ya shamba letu, eti wa kuzuia upepo. Baba mkwe akakubali, maana walikuwa wanaabudu pamoja. Misaipresi ilipokomaa, serveya akaja kupima ardhi, na jirani akamwonyesha miti badala ya bikoni, yale mawe ya mpaka. Kipande kile hakikurudi. Baba mkwe aliingia kaburini akiwa bado analalamika, na mama mkwe kila akipita pale hugeuza uso upande wa pili.

Kanisani kwetu maneno yalikuwa mengine. Mwenyekiti wa akina mama alininong'oneza kwamba hawa watu wa kutunza mazingira wanauzia wazungu hewa ya miti. "Wakishapanda kwako, hewa yote ya hapo ni yao. Huwezi kukata hata mti wa kuni." Sikuelewa hewa inauzwa vipi, lakini sikucheka. Mume wangu alipopiga simu akiwa amelaza lori Salgaa, nilimweleza yote. Alisema neno moja tu: "Usiweke sahihi popote."

Kuanzia hapo nikawa mtu wa kuchungulia. Nikienda kukata nyasi nilijificha nyuma ya ua kuangalia ng'ambo. Gari jeupe likiingia kituoni, nilitaka kujua ni la nani. Siku moja niliwaona wanaume wawili wakinyoosha tepu ya kupimia kando ya maji. Asubuhi iliyofuata nikakuta vipande vya kitambaa chekundu vimefungwa kwenye mikaratusi yetu. Upande wetu. Ndani ya shamba letu!

Nilivifungua kimoja kimoja, nikavitia kwenye mfuko wa aproni, nikavuka kijito nikiwa na kandambili miguuni.

Pasta alikuwa chini ya daraja la kamba na kundi la vijana kutoka Milimani, mtaa wa matajiri, safi kama wametolewa kabatini. Alikuwa anawaambia kwamba kuharibu mto ni dhambi kama kumwibia jirani. Nilisimama nyuma nikasikiliza. Kijana mmoja akanisogezea kiti. "Kaa hapa, mathe." Sikukaa.

"Pasta," nikasema, nikitoa vile vitambaa, "na kufunga hivi kwa miti ya jirani bila kumwambia ni nini?"

Vijana wakaangalia juu, wakaangalia chini. Pasta akaniomba tusogee kando, nikakataa, kisha nikawahurumia wale watoto wa watu, nikasogea.

"Mama, hilo ni kosa langu," akasema. "Nilitaka tujue ni mingapi iko karibu sana na maji. Nilipaswa kuomba ruhusa."

"Mkipanda hiyo yenu, itakuwa miti ya nani?"

"Ni ya Mungu."

"Mungu hana kesi na mimi. Nauliza pale ofisi ya ardhi itakuwa ya nani."

Alivua kofia akajikuna. Nilidhani ataniletea mstari mwingine wa Biblia, lakini alinitazama kama mtu aliyechoka, akasema kisima cha kituo kimeanza kutoa tope. Kijito kikikauka, kituo kitafungwa. Wakubwa wake walikuwa wamemtuma mahsusi kwa kazi hiyo, kuhakikisha maji yanarudi.

"Mbona hukuniambia hivyo jikoni kwangu?"

"Niliona habari za Mungu zitakuingia upesi."

Maneno hayo yaliniuma kuliko vile vitambaa. Mimi ni mwalimu wa shule ya Jumapili. Ile habari ya bustani nimeifundisha nikichora miti kwa chaki, na ninaiamini. Nilimwambia kama angesema ana kiu ningemwelewa, kwa sababu hata sisi tuna kiu. Kisha nikaondoka, na nilipofika kwenye maji nikalia kidogo, hasira tu.

Mama mkwe alinisikiliza hadi mwisho. Nilitegemea aseme tuweke seng'enge. Badala yake aliuliza, "Kwani ni uongo kwamba maji yanapungua?" Si uongo. Zamani alikuwa anafua nguo pale, na sasa hata ndoo haizami. "Basi tutakata mikaratusi ile ya karibu na maji sisi wenyewe," akasema, "na tutapanda sisi wenyewe. Wao walete miche na mgongo."

Ndivyo ilivyokuwa. Tulimwita mzee wa mtaa aone bikoni zilipo, mbele ya Pasta, kabla jembe halijagusa ardhi. Siku ya kupanda, mvua ilikuwa imenyesha na vijana walivuka kwetu wakiteleza na kucheka. Mama mkwe alitoa kiti akakaa katikati ya shamba akiwa na shuka mabegani, akikagua kila shimo. "Wewe wa miwani, hiyo ni kaburi ya panya, chimba tena." Pasta alichimba mpaka viganja vikamchubuka. Aliomba kabla ya kula, ombi fupi, na hakutaja miti. Nilimwongezea viazi.

Laiti mambo yangeishia hapo. Pasta alihamishwa, na miche ilipokuwa imenifika kiunoni, akaja meneja mwingine, dada mchangamfu wa kuongea haraka. Siku moja nikakuta kibao kipya kimesimamishwa kati ya mierezi yangu, kimeandikwa kwamba msitu huo ni mradi wa kituo. Mama mkwe alikuwa tayari anaugua, sikumwambia. Niliking'oa, nikakibeba begani kama jembe, nikakilaza kwenye veranda ya ofisi yao. Sikuacha ujumbe wowote.

Jioni yule dada alishuka hadi kwenye maji na kusimama upande wake. Hakuvuka.

"Hodi huko!" aliita. "Nimekuja kuomba msamaha, mama. Sikuambiwa ni kwako."

Nilikuwa nimemwona tangu alipotoka ofisini. Nilimwacha aite mara ya pili, kisha nikamwambia azungukie langoni kama wageni wengine.

Alikuja. Siku hizi hutuma mtu kuuliza kabla ya kuleta vijana, na mimi mwenyewe ndiye ninayewatembeza. Kiangazi kilichopita kijito hakikukatika. Huenda ni miti, huenda mvua tu zilikuwa nzuri. Hata hivyo, kila Jumamosi mimi huteremka kutazama bikoni zangu, moja baada ya nyingine, na nikisikia gari geni ng'ambo, husimama nione nani anashuka.