Siku Ukoo Uliponisoma

Mama ndiye aliyewagawia ndugu wa baba nakala za kitabu changu. Alipanda nazo mlima kutoka Mlali, zimefungwa ndani ya kanga, akazitoa nyumba kwa nyumba kama anagawa mbegu. Kilikuwa kitabu cha insha fupi kuhusu kusubiri maji bombani, kumuuguza mtu, kulima ardhi ya wenzako. Nilitaka falsafa itoke madarasani, ije ikae jikoni na watu.

Kisha baba akafariki. Baada ya arobaini, ukoo wake ulikaa uwanjani kwetu kuzungumzia shamba. Kwetu Uluguru ardhi hufuata upande wa mama. Shamba lile baba alilipata kwa ukoo wa mama yake, kwa hiyo sasa lilirudi kwa shangazi na wanawe. Mama yangu, mtu wa ukoo mwingine, angeweza tu kuomba aachwe.

Akaomba. Alisema mipichi yote pale ameipanda yeye, na kwamba hadai chochote, anataka alime mpaka afe. Wazee wakaanza kulainika.

"Mwacheni," mmoja akasema. "Anamsumbua nani?"

Ndipo mtoto wa shangazi, binamu yangu na mtani wangu tangu utoto, akachomoa kitabu changu mfukoni.

"Jamani, tunahangaika nini na mwanafalsafa tunaye?" Akasoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio: "Ardhi haina mwenyewe. Anayeing'ang'ania bado hajajifunza kuwa mgeni."

Uwanja mzima ukacheka. Hata mimi nilitabasamu, maana mtani hanuniwi.

Shangazi hakucheka. "Mwanangu, haya uliyamaanisha, au ulikuwa unapamba maneno?"

Mama akanigeukia. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa, uso wa mtu aliyekwisha kushinda. Lakini nilijua nikikana sentensi ile, kila nilichowahi kuandika kitakuwa porojo.

"Niliyamaanisha, shangazi. Lakini..."

"Basi. Wifi, umemsikia mwanao."

Nikaendelea kueleza. Nikasema mgeni naye ana haki ya kukaa, na kwamba anayepaswa kuachilia kwanza ni mwenye nguvu.

"Hiyo nayo ungeiandika!" binamu akapiga makofi. Wakacheka tena, wakakung'uta nguo zao, wakatawanyika.

Sasa mama anaishi nami kwenye chumba cha kupanga mjini, Kilakala. Wasomaji bado wananitumia ujumbe kwamba sentensi ile imewaponya. Nawajibu asante.

Juzi nilimuuliza kama ananichukia. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa.

"Sikuchukii. Ila siku ile nilihitaji uongo mmoja tu kutoka kwako, ukaninyima."

Akapuliza makapi, akaniambia mkaa umekwisha, niende nikanunue kabla duka halijafungwa.