Pepo Aliyemkataa Mwanamke wa Mtoni

Jamani, aibu iliyonipata juzi hapa Temeke sijui nitaificha wapi. Baba yetu, aliyefiwa na mama mwaka juzi, anataka kuoa mwanamke wa Mtoni ambaye hatujawahi kumwona. Dada yangu Zena akanishauri nijitie pepo. Basi mie, karani mzima wa Bwana Shauri, yule afisa wa wilaya, nikajigaragaza uani na kaptula yangu ya kazini, nikinguruma:

"Mwanamke wa Mtoni simtaki! Kibogoyo yule, tena ana chongo!"

Baba akatoka mbio, akarudi na mganga wa kike. Nikazidisha kelele. Mama yule akainama, akanikodolea macho yake yote mawili, kisha akacheka mpaka magego yakaonekana.

"Baba Zena," akasema, "huyu pepo wa mwanao hajawahi kuniona."