Mama Seline Adongo, Aliyechemsha Maji ya Baraka

Alizaliwa mwaka 1957 huko Asembo Bay, wa pili kati ya mapacha, na ndiyo maana, kwa desturi ya Wajaluo, akaitwa Adongo. Baba yake alivua samaki na mama yake aliuza omena, dagaa wa ziwani. Waliomfahamu utotoni wanakubaliana juu ya jambo moja: alikuwa mbishi. Ukimwambia sufuria ina moto, ataishika kwanza ndipo akubali. Tunaliandika hili bila haya, maana watakatifu wengine husimuliwa kana kwamba walizaliwa wakiwa wapole tayari, na wetu hakuwa hivyo hata kidogo. Mwaka 1976 aliolewa na Oluoch, fundi wa kuchomelea vyuma, wakahamia Nyamasaria, pembezoni mwa Kisumu, ambako siku hizo kulikuwa na mashamba mengi kuliko nyumba.

Wito wake ulianzia kitandani. Mwaka 1983, baada ya uzazi wa tatu, aliugua hata watu wa mji wakaanza kunong'ona habari za mazishi. Mumewe alimlaza kwenye mkokoteni akamsukuma hadi uwanja wa kanisa letu, Kanisa la Moto wa Roho, penye kisima ambacho mwanzilishi wetu alioneshwa katika ndoto. Akanyweshwa maji, akaoshwa, akaombewa kwa ngoma na nyimbo, na hatimaye akarudi nyumbani kwa miguu yake mwenyewe. Kwa shukrani aliweka nadhiri ya kukitumikia kisima kile. Kwa zaidi ya miaka thelathini alikuwa pale kila asubuhi, miguu mitupu, kanzu nyeupe yenye msalaba mwekundu kifuani, akiwatekea maji waumini waliotoka mbali kama Port Victoria, na hata wafanyabiashara wa mjini waliotoka mkoa wa kati. Kanisa letu lilikataa dawa za aina yoyote. Maji na maombi vilitosha, na aliyetilia shaka alioneshwa Mama Seline akitembea.

Wakati huo wote mji ulikuwa unakua. Mashamba yaligawanywa viwanja, vyumba vya mabati vikapangwa mstari kwa mstari, na vyoo vya shimo vikasogea hadi kwenye ua wa kanisa. Hakuna aliyeliona hilo kuwa jambo, kwa sababu nani anayekitazama kisima kitakatifu kwa jicho la mashaka? Mvua za masika za mwaka 2015 zikaleta mafuriko. Maji yalipopungua, waumini wetu wakaanza kuharisha na kutapika. Afisa wa afya aitwaye Mukhwana alikuja akachota maji ya kisima, akaenda kuyapima, akarudi Jumapili iliyofuata ibada ikiwa imejaa. Alizungumza na mlinzi wa kisima kwa heshima.

"Mama, hii maji iko na kipindupindu. Tufunge kisima, ama uniruhusu niweke dawa."

Mama Seline aliona ametukanwa, na si yeye peke yake bali na Mungu aliyemponya. Mbele ya kanisa zima alichota kikombe, akakinywa chote, akakigeuza juu chini ili wote waone kimekwisha. Kisha akakaa akingoja kuugua, na hakuugua. Ngoma zilipigwa mpaka jioni. Watu walipanga foleni wanywe kama alivyokunywa yeye, naye akawatekea mmoja mmoja kwa furaha, na Mukhwana akaondoka akichekwa. Ndugu wasomaji, tungependa kuliruka jambo hili, lakini yeye mwenyewe alitukataza.

Wiki hiyohiyo waumini kadhaa walifariki. Miongoni mwao alikuwemo Griffins, mjukuu wake, mtoto wa kuanza shule, na Sheila, binti wa Mwihaki, muuza nguo wa mjini aliyekuwa akija kisimani tangu alipohamia Kisumu. Wazee wa kanisa walikuwa na jibu tayari: waliokufa walikunywa bila imani. Jibu hilo lilipofikishwa kwa Mwihaki matangani, alifunga safari hadi nyumbani kwa Mama Seline, ambaye naye alikuwa amekaa chini akimlilia Griffins. Mwihaki hakupaza sauti.

"Mama, usiniambie ni Mungu. Usiniambie ni imani. Niambie ni nini iliua mtoto wangu."

Hapo ule ubishi wa utotoni wa Mama Seline, ambao ulikuwa umemponza, ukaanza kumfaa, kwa kuwa hakuwa mtu wa kulala na swali lisilojibiwa. Alimwendea Mukhwana ofisini kwake, akamwomba msamaha mbele ya wenzake, akamwomba amfundishe. Mukhwana alimweleza jinsi uchafu wa vyoo unavyopenya udongo hadi kisimani, na jinsi mtu mmoja anavyoweza kunywa asione chochote, huku kikombe hichohicho kikimuua mwingine. Ndipo akauliza lililomchoma zaidi, kwamba je, mwaka 1983 alidanganywa? Mukhwana, ambaye tunamheshimu kwa jibu hilo, alimwambia kwamba hajui ni nini kilimponya, ila siku zile hapakuwa na vyoo karibu, na maji yaelekea yalikuwa safi. Basi akarudi nyumbani na kweli mbili zilizomwia nzito, kwamba maji yalimponya na kwamba maji yaliua. Wengi wangechagua moja wakaitupa nyingine. Yeye alizibeba zote mbili, na hapo ndipo sisi tunaona utakatifu wake ulipoanzia.

Katika kanisa letu mtu anayetoa ushuhuda hakatizwi. Jumapili iliyofuata alisimama akasema: "Hii maji iliniponya. Hii maji imeua Griffins na imeua Sheila. Na kikombe niliwapa mimi." Wazee wakaivunja desturi yao wenyewe, wakampigia kelele anyamaze. Kabla ibada haijaisha alikuwa amevuliwa kanzu na kutolewa nje ya lango, baada ya utumishi wa miaka yote ile.

Hakwenda mbali. Aliinjika sufuria kubwa nje ya lango, juu ya mafiga matatu, akawa anawaomba waliotoka kisimani wamruhusu ayachemshe maji yao kabla hawajayanywa. Wazee walipomfuata kumkumbusha kwamba kanisa limekataa dawa, aliwajibu kwa upole uliowakera kuliko matusi: "Dawa mmekataa. Moto mmekataa lini?" Nao wazee wa kanisa lenye neno Moto katika jina lake wakarudi ndani. Walimwita Mama Sufuria, na watoto wakamwimbia jina hilo. Wa kwanza kuja kukaa naye alikuwa Mwihaki, amebeba gunia la makaa, na tangu siku hiyo wanawake hao wawili walichochea moto mmoja, ingawa kuna siku walifanya kazi hiyo bila kusemeshana, maana msamaha nao ulikuja polepole.

Mwaka 2018 mafuriko yalirudi na ugonjwa ukarudi nayo. Waliokunywa ndani waliugua, na waliokunywa langoni walibaki wazima. Ndipo Askofu Ogola, mwana wa mwanzilishi wetu, alipotoka nje na mavazi yake yote ya ibada, akaketi juu ya jiwe kando ya majivu, akaomba kikombe. Alipomaliza kunywa alimsihi Mama Seline arudi ndani. Naye akasema atarudi kama moto utaingia pamoja naye, na kama kila anayejiandaa kubatizwa atasimuliwa habari za waliokufa, kwa majina yao. Askofu akakubali.

Hivyo akawa mwalimu, yeye ambaye hakuwahi kukaa darasani. Somo lake la kwanza lilikuwa kikombe alichokinywa mbele ya Mukhwana. Watoto aliwaacha waulize lolote, na daima alikuwepo wa kumuuliza kwa nini yeye hakufa. "Sikufa, nikafikiri najua," aliwajibu. Mwaka 2020 baadhi ya wazee walitaka somo hilo lifupishwe, kwani makanisa mengine yalikuwa yakitusimanga. Walipendekeza kuchemsha kubaki, wafu waachwe wapumzike. Mama Seline alisimama kwa shida, magoti yakiwa yameshaanza kumsaliti. "Mkitoa hiyo hadithi," akasema, "mtabaki na sufuria tu." Hadithi ikabaki.

Alifariki mwaka 2022 na kuzikwa Nyamasaria. Haukupita muda, mwanamke mmoja akaota kwamba Mama Seline, amevaa kanzu yake nyeupe, ameshuka kisimani na kuyatakasa maji milele, na kwamba atakayeyanywa mabichi atapona. Sisi ni watu wa ndoto. Kisima chenyewe kilitokana na ndoto. Siku ya ukumbusho wake wa kwanza umati ulifurika na mitungi, na mzee mmoja alikuwa amekwisha kuinua mkono abariki. Lakini vijana aliowafundisha walikuwa wamekizunguka kisima, wameshikana mikono. Akinyi, binti wa kwanza kubatizwa baada ya moto kuingizwa ndani, alimsikiliza yule mwanamke hadi mwisho, akamshukuru, kisha akasema: "Ndoto ni nzuri, Mama. Tuchemshe kwanza." Moto ukawashwa, na mzee yule akangoja maji yapoe kama wengine.

Anayetaka kumwiga Mama Seline asikiige kikombe chake. Amtafute mtu ambaye yeye mwenyewe alimcheka na kumfukuza, aketi mbele yake, amwombe amalizie alichokuwa akisema. Makanisa mengine hujivunia miujiza ya watakatifu wao, na tunawapongeza. Sisi wa Nyamasaria fahari yetu ni hii: mtakatifu wetu alisingiziwa muujiza, na watoto aliowafundisha hawakuuamini.