Vibuyu Juu ya Taa za Nyahanga

Mwanangu, iko siku moja naikumbuka vizuri kuliko siku niliyooa, na bibi yako akisikia hilo usimwambie limetoka kwangu. Ni siku ambayo mtaa wetu wa Nyahanga, hapa hapa Kahama, ulinifundisha kazi niliyodhani nimekwisha kuijua.

Kwanza unijue nilivyokuwa. Nilikuwa nimetoka sekondari karibuni, soksi ndefu hadi magotini, natembea kama mtu anayepigwa picha. Vijana wa rika langu walikuwa wamekwenda Geita kwenye dhahabu. Mimi nilijaribu Mwanza, nikarudi baada ya wiki moja kwa sababu ugali wa kule haukuwa wa mama. Usicheke. Wako watu waliozaliwa na miguu ya safari, na tuko sisi ambao jua likizama tukiwa mbali na mlango wetu tunapata homa. Basi nikaomba kazi bomani, nikapewa kusimamia taa za barabara za mtaa wetu wenyewe. Kazi na sahani yangu ya mchana vilikuwa vinaonana. Nilijiona nimefika.

Taa zenyewe zilikuwa za mafuta, zimewekwa juu ya nguzo za chuma kando ya barabara. Wakati wa vita mafuta yaliadimika, zikazimwa. Sasa Usukumani nguzo haiwezi kusimama bure muda mrefu. Akina mama walijua kwamba kibuyu kinachokulia chini hulalia ubavu na kupinda shingo, lakini kikining'inia, uzito wake wenyewe huivuta shingo ikanyooka. Wakapanda mbegu kwenye kila nguzo. Vita vilipokwisha, mimea ilikuwa imepanda hadi kwenye vioo vya taa, majani yamefunika chuma chote, na vibuyu vinaning'inia barabarani hadi mpita njia mrefu anainama. Watu walikuwa wanatoka Ushirombo kufuata vibuyu vya Nyahanga. Sitaki kujisifia mtaa wangu, lakini nitajisifia: havikuwa na mfano.

Mafuta yakarudi. Bwana wa boma akaniita, akaniambia atakuja kukagua kesho yake saa sita mchana, na nguzo ziwe wazi. Mtaa ambao nguzo zake zina majani, taa zake zitahamishiwa barabara ya maduka. Nilimjibu "ndiyo bwana" kwa kila neno, hata pale alipopiga chafya.

Asubuhi nikatoka na panga. Nguzo ya kwanza ilikuwa mbele ya nyumba ya Mama Kabula. Binti yake, Kabula, alikuwa anaolewa baada ya mavuno, na siku hizo msichana hakutoka kwao mikono mitupu. Alitoka na vibuyu alivyokuziwa na mama yake, vya kusukia maziwa na vya kutunzia samli. Vya Kabula vilikuwa vimefikia ukubwa, lakini ganda bado bichi. Kibuyu kikikatwa kabla hakijakomaa kinaoza, na mvua zilikuwa zimekwisha, kwa hiyo kupanda tena ni mwaka mwingine. Mama Kabula hakupiga kelele. Alishika shina pale pale nilipolenga, akaniuliza kwa upole kama nitalikata pamoja na vidole vyake au avitoe kwanza.

Mama yangu akatoka nyumbani na mwiko wa ugali mkononi. Mtaa ulikuwa umeshajaa.

"Wewe baba," akaniambia, "huyo bwana wako amesemaje?"

"Amesema nguzo ziwe wazi, mayu."

"Akasema ukate?"

Nikatafuta kichwani. "Hapana."

"Basi kukata umeongeza mwenyewe. Umeona cheo chako hakitaonekana mpaka kitu kife."

Watu walicheka, mwanangu, mpaka mbwa wakabweka. Mimi nilibaki nimeshika panga kama mtu aliyeokota cha mwenzake. Masanja, aliyekuwa nsumba ntale, yaani kiongozi wa vijana wetu katika kazi za pamoja, akalichukua mkononi mwangu taratibu, akalikalia. Akapuliza filimbi yake. Akasema mimea itashushwa kwenye nguzo ikiwa hai, mizizi ikibaki ardhini, shina moja baada ya jingine, ila inahitaji chanja za kuegemea, na miti ya chanja haipo.

Hapo ndipo nilipowajua watu niliozaliwa kati yao. Wanaume waliangaliana, wakaenda kwenye mazizi yao, wakaanza kung'oa miti. Mtu aliyekuwa haongei na Mama Kabula kwa sababu ya mbuzi aliyekula mihogo alileta miti mizuri kuliko wote, akaitupa chini bila kusalimia, akarudi kuleta mingine. Ng'ombe wakatoka, wakasimama barabarani wakishangaa uhuru wao.

Wasichana walikuwa wanafungua zile nyuzi ambazo mmea hujishikizia, moja moja, kwa kucha. Vijana wakishika shina, wengine wakibeba vibuyu visivunjike vikonyo. Mimi msomi nilipewa kubeba kibuyu kikubwa kuliko vyote, nimekikumbatia tumboni, narudi nyuma hatua kwa hatua. Wanawake wakaniuliza mimba ni ya miezi mingapi na kama baba yake anajulikana. Nikawajibu baba yake yuko bomani. Siku hiyo nilicheka na mtaa wangu kama sijawahi kwenda shule.

Saa sita ilifika nguzo zote ziko wazi, isipokuwa ya Mama Kabula. Mmea wake ulikuwa mkongwe, umejifunga kwenye taa yenyewe. Gari la boma likaonekana. Mama Kabula akaliangalia, akawaangalia watu, akasema kwa sauti ndogo, "Kateni. Mtaa mzima usikose taa kwa harusi ya mwanangu."

Hakuna aliyesogea. Masanja alizidi kulikalia panga.

Nikamkabidhi mtu kibuyu changu, nikaenda kwenye gari. Nikamwambia bwana kwamba imebaki nguzo moja, kwamba hatutaukata mmea bali tunauhamisha, na kwamba naomba muda hadi jua liinamie magharibi. Nikamweleza na harusi. Alitazama wanaume waliobeba miti ya mazizi yao, akatazama ng'ombe waliozunguka gari lake. Kisha akauliza kama kuna mahali pa kukaa. Mama akamletea kigoda na maziwa ya mgando, na mzee mzima akakaa kando ya barabara akitazama kucha za wasichana zikifanya kazi.

Jua halijazama, mmea wa Mama Kabula ulilala juu ya chanja yake, majani machache yamenyauka, kibuyu hata kimoja hakijaanguka. Nikapanda ngazi nikawasha taa mchana kweupe ili bwana aione inawaka. Taa zikabaki Nyahanga.

Najua unangoja niseme Kabula ndiye bibi yako. Hapana. Aliolewa Ushirombo na mtu mwenye ng'ombe wengi na meno mazuri, na alitoka kwao na vibuyu vyote, shingo zimenyooka, sisi tukimsindikiza kwa nyimbo. Mpaka leo nikikumbuka msafara ule kifua kinanipanuka.

Sasa sikiliza, mwanangu. Ukitumwa kwa watu, peleka ulichotumwa, usikiongezee ukali wako ili uonekane. Kabla hujagusa kitu cha mtu, muulize alikilea kwa ajili gani. Muda ukikupungukia, jasiri ni yule anayerudi kwa mkubwa wake kuuomba, siyo anayemmalizia mnyonge haraka. Na ukipata jambo zito, waite majirani. Usiwahukumu kwa ugomvi wao wa jana, hujui watakuja na nini.

Mungu akupe kazi yenye heshima. Akuweke mahali ambapo watu wanathubutu kukuambia umekosea, na akupe moyo wa kuendelea kukaa hapo hapo, kati yao.