Mpiganaji Aliyekosekana Rwamgasa

Vumbi likiungua juu ya plastiki ya moto lina harufu yake, na mimi harufu hiyo mpaka leo inanitia kinyaa. Ndivyo kilivyonuka chumba cha gemu pale Rwamgasa, kwenye machimbo ya dhahabu, miaka ya tisini, jenereta likinguruma nje na sisi watoto tumebanana kwenye benchi.

Msichana nilikuwa peke yangu. Walinivumilia kwa sababu nilikuwa nawapiga. Shule niliishia darasa la nne, lakini vidole vyangu vilikuwa na akili.

Likizo moja mimi na pacha wangu Kulwa tulikwenda Shinyanga kwa shangazi. Huko, nyuma ya duka la Mhindi mmoja, tulikuta gemu letu lile lile la ngumi, picha ile ile kwenye boksi, ila mashine ya aina nyingine. Na ndani yake alikuwamo mwanamke mwenye msuko mrefu, anapiga mateke matatu hewani kabla hajatua. Nilimchezea wiki nzima. Tuliporudi nikawatangazia wote.

Masanja, mkubwa wetu pale, akasema machimboni hatupimi maneno, tunaosha mawe kwenye karai mbele ya watu, dhahabu ionekane. Basi nimtoe huyo mwanamke wamwone. Nikishindwa, nisikanyage tena. Nikakubali, gemu si lile lile?

Nilibonyeza kila kitufe. Niliwamaliza wapiganaji wote, mmoja mmoja, nikimngoja. Hakutokea.

"Toka, Doto," Masanja akasema. "Na huyo shangazi yako wa msuko nenda naye."

Walicheka. Nikamgeukia Kulwa. "Sema ulimwona."

Akatazama chini. "Sikumbuki."

Nikatoka, na sikurudi.

Leo nina karasha tatu za kusaga mawe, na hakuna aliyenishika mkono. Mwezi uliopita mwanangu akaomba mashine ya pili ya gemu, na ya kwanza ipo. Eti gemu ni moja, ila kuna mpiganaji anayewekwa kwenye mashine moja tu, kusudi watu wainunue. Nikamuuliza kama na zamani ilikuwa hivyo. Tangu zamani, Mama. Nikatema mate, ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Nikampigia Kulwa. Akasema, "Doto, sikukusaliti. Nilipoona hayupo, nilidhani kule Shinyanga niliota."

Miaka yote hiyo nimemnunia ndugu yangu. Kumbe mtu wa mbali, asiyetujua, alipunguza bidhaa yake ili auze zaidi, na mtoto wa Rwamgasa akaacha kuyaamini macho yake. Hilo simsamehei.