Uso wa Kapteni Neri Ukutani

Mona Tessa alisokota sufu ng'ambo ya mto Arno, na Firenze nzima hakuna aliyeijua sura ya Kapteni Neri vizuri kuliko yeye. Mtoto wake wa kwanza alipofariki, Tessa alichukuliwa nyumbani kwa Neri kumnyonyesha Bindo, mwana pekee wa kapteni. Miaka ikapita. Neri akapewa ngome ailinde, akawauzia adui lango lake, akakimbilia Milano. Miongoni mwa walinzi waliochinjwa langoni alikuwamo Cenni, mume wa Tessa.

Neri mwenyewe hakukamatika, basi mji ukaamuru achorwe kwenye ukuta wa jumba la hakimu, ananing'inia kwa mguu mmoja, kichwa chini, kama ilivyokuwa desturi kwa wasaliti. Fundi Vanni, aliyepewa kazi, hakuwahi kumwona. Tessa alikwenda bila kuitwa.

"Nitakupa uso wake, fundi. Wewe chora tu."

Siku ya kuchora uso, lipu ilipakwa asubuhi na Vanni akachora ingali mbichi. Tessa alisimama chini ya jukwaa akielekeza.

"Pua ndefu zaidi. Mdomo wa chini ujitokeze, kama anayesubiri kulishwa."

"Mpe na tumbo, fundi!" muuza matumbo ya ng'ombe akapaza sauti. "Kala ngome nzima huyo!"

Watu wakaangua kicheko. Tessa hakucheka. Kila mstari ulipokaa sawa, alihisi kama anamshika Neri koo kwa mkono wake mwenyewe.

Adhuhuri kicheko kikahamia nyuma yake. Bindo alikuwa amefika, kijana wa miaka kumi na saba, pua ileile, mdomo uleule.

"Lo! Kashuka ukutani!" mtu akapiga kelele. "Mgeuzeni kichwa chini!"

Ganda la tikiti likampiga begani. Bindo akapenya hadi kwa Tessa.

"Mama, huyo ni mimi."

"Ni baba yako."

"Nitapita wapi mji huu? Mwambie fundi aipinde pua kidogo tu. Mimi nilikukosea nini?"

"Hujanikosea kitu."

Vanni akainama kutoka juu, brashi mkononi. "Amua, mama. Lipu ikikauka hapa habadilishwi mtu, labda tuubomoe ukuta."

Tessa akamtazama Bindo. Aliikumbuka pua ile ikiwa imejikandamiza kifuani pake, na maziwa yaliyokuwa ya mtoto mwingine. Kisha akamkumbuka Cenni, aliyeletwa kwa mkokoteni, amefunikwa gunia la muuza ngano.

"Pua pindisha," akasema, na Bindo akashusha pumzi, "halafu watu wataniuliza, huyu nani? Nao wataniambia Neri hakuwa hivi. Hapana, fundi. Acha vilevile."

"Mama!"

"Nenda Milano, mwanangu. Ukamwambie umeuona uso wake, na kwamba niliyemchora ni mimi. Mwambie kwa mdomo huohuo."

Bindo aliondoka kwa lango la kaskazini siku ileile, kofia imeshushwa hadi machoni. Tessa hakumsindikiza. Alibaki chini ya jukwaa mpaka Vanni aliposhuka, akapanda yeye, akaligusa shavu la Neri kwa ncha ya kidole. Lilikuwa kavu. Akalitemea mate.