Pindo la kanga ya mama mkwe

Jamani, leo nimemvuta mama mkwe kanga hadharani.

Mke wangu alikuwa leba hospitalini, mimi na mama mkwe tunamfuata kwa gari langu, na simu ya mama ilikaribia kuzima.

Nikamwambia, "Mama, iweke hapo juu ya chaja ya gari, inachaji bila waya."

Akaiweka. Kumbe imo ndani ya pindo la kanga aliyovaa, pamoja na ufunguo wa kabati!

Kufika Buzebazeba, nasikia harufu ya kitambaa kinaungua. Ufunguo umepata moto juu ya ile chaja.

"Mama, toa pindo!"

"Nikitoa itaacha kuchaji, baba. Na leba wakipiga?"

Mkwe haguswi, najua. Ningefanyaje?

Nikafunga breki barabarani, watu wanaona, nikavuta. Fundo likafunguka, simu ikadondoka inaita.

Mama akaipokea, akasikiliza, akanikazia macho.

"Mkeo kajifungua salama. Sasa niachie kanga yangu."